Maganda Aliyoyaacha Wendell

Corbin Fork, Pennsylvania
7 Desemba 1969

Mwanangu Lorna,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na Garth ni wazima na baridi ya huko Rochester haijawamaliza. Mimi niko salama, ni mgongo tu unaonisumbua nikiinama kunoa misumeno kiwandani. Mama yako anakula, ingawa si sana. Huniambia "chakula tayari" na "funga mlango, baridi inaingia". Zaidi ya hapo hajasema nami tangu tulipomzika mdogo wako Wendell, aliporudishwa kutoka vitani. Ulikuwepo, ulimsikia pale kaburini: "Ungemfundisha kinanda, Merle, si bunduki."

Mumeo aliniuliza kwenye simu ile bunduki ya Wendell inatumia risasi gani, akasema atatafuta madukani aniletee. Mwambie asihangaike. Risasi ile haiuzwi popote. Tuliibuni sisi wawili, mimi na Wendell. Ukiitaka, unachukua ganda tupu la risasi ya aina nyingine, unalipaka mafuta kidogo, unalisukuma ndani ya kalibu ya chuma kwa mashine ya mkono mpaka shingo, pale inaposhikwa ncha ya risasi, ibanwe na bega lililo chini yake lisogee nyuma. Na hapo bado halijawa ganda kamili. Linakamilika likishapigwa mara ya kwanza ndani ya bunduki yenyewe, moto ukalijaza pembe zote. Mtu akichagua ganda baya hata mtutu aliouchonga rafiki yangu Stosh Bilski hautamwokoa.

Kwenye kuchagua ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka maganda ya dukani, ambayo ni laini na shingo yake haipasuki ovyo. Yeye likizo ya mwisho akaja na gunia la maganda ya jeshi, aliyoyaokota uwanja wa shabaha kule kambini.

"Baba, haya yametoka mashine moja, siku moja," akasema. "Yanafanana kama mayai ya kuku mmoja."

"Kuku wa jeshi hutaga mawe," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akatengeneza machache, akayaweka pamoja na bunduki, akaondoka. Mengine nimeyasukuma nyuma ya tanuri la kupasha nyumba joto, huko huko chumba cha chini tulikokuwa tukifanyia kazi. Kila moja lina mwaka wake umegongwa kitakoni na sitaki kuusoma. Kitu cha jeshi sigusi tena.

Msalimie Garth.

Ni mimi baba yako.


Rochester, New York
19 Desemba 1969

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimetoka zamu hospitalini, miguu imevimba kama mikate. Garth anakusalimu na anasema ameelewa, ingawa najua hajaelewa.

Krismasi sitaweza kuja, wamenipanga kazini. Nimelia kidogo, kisha nimeacha. Mpikie Mama siku hiyo, hata kama utaunguza. Na wewe usikae sana huko chini peke yako. Nenda kwa mzee Stosh mkacheze karata akuibie kama kawaida yake.

Mama akikaa kimya usidhani hana la kusema. Nilipompigia Jumapili tulikaa kwenye simu muda mrefu hatuongei, lakini hakukata.

Mwanao,
Lorna


Corbin Fork
11 Januari 1970

Lorna mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula nyama ya nguruwe na kabichi chachu kama miaka yote, viti viwili vitupu. Afya zetu si mbaya.

Nina jambo, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Juzi nilirudi kutoka kiwandani nikashuka kuongeza makaa kwenye tanuri. Juu ya meza yangu, kwenye kile kibao chenye matundu, kulikuwa na maganda yamesimama. Yalikuwa yameshatengenezwa. Shingo zimebanwa vizuri, zimepashwa moto zikalainika, zile rangi za samawati bado zinaonekana. Mabega yamenyooka. Nikaligeuza moja. Kitakoni lina mwaka. Ni ya jeshi, Lorna.

Nikadhani ni yale ya likizo. Nikafungua kabati la bunduki na ya likizo yako mahali pake. Nikaangalia nyuma ya tanuri, gunia limefunguliwa mdomo.

Kisha nikaona mkono wa mashine uko juu. Mimi nikimaliza kazi huuacha chini, miaka yote. Wendell ndiye aliyekuwa akiuacha juu, nami nikimgombeza kila mara kwamba siku moja utaniangukia kichwani.

Nilipanda nikamuuliza mama yako kama kuna mtu alikuja nyumbani.

"Nani aje?" akasema.

Na unamjua mama yako. Tangu tuhamie hapa hajashuka zile ngazi ila siku bomba lilipopasuka. Kelele za bunduki na vitu vyake alianza kuvichukia kabla hujazaliwa.

Sijamwambia Stosh. Nimekuambia wewe tu.

Baba yako.


Rochester
24 Januari 1970

Baba yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sikupiga simu kama ulivyoniomba, ingawa nilishika mkono wa simu mara nyingi.

Baba, unalala? Nakuuliza kama nesi, si kama mtoto. Hapa wodini nimemwona mama mmoja aliyefiwa na mume, anatandika kitanda cha watu wawili kila asubuhi, akiulizwa anasema si yeye. Haongopi, hajui tu. Mkono wako umefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Unaweza kuifanya huku akili iko makaburini.

Sisemi umechanganyikiwa. Nasema umechoka. Tafadhali, mwite mzee Stosh aje aone.

Mwanao akupendaye,
Lorna


Corbin Fork
22 Februari 1970

Mwanangu,

Nimepokea barua yako, asante. Mimi mzima. Mama yako pia, na nimeona wiki hizi amepata rangi kidogo usoni. Theluji imefika madirishani.

Yanaongezeka. Nikirudi kazini nakuta mengine. Lakini kuna kitu kimebadilika na kinaniumiza. Yale ya mwanzo yalikuwa mazuri, hata mimi siku ya afya yangu nisingeyashinda. Baada ya hapo yakaja yaliyokunjika mabega, yenye vibonyeo, moja limepinda shingo kama mtu aliyelala vibaya. Sasa yanaanza kunyooka tena, polepole.

Nimefikiri sana. Barua ya jeshi ilisema Wendell alijeruhiwa mkono na kifua. Nadhani ule mkono bado haujapona.

Usinicheke.

Niliomba ruhusa wiki nzima kiwandani nikakaa chini nimsubiri. Nilimwekea kahawa. Nilimwambia kwa sauti kwamba alikuwa sahihi, maganda ya jeshi ndiyo bora, nimeyapima kwenye mizani na yanafanana kweli kama alivyosema. Hakuja. Wiki nzima hakuna hata ganda moja lililoguswa. Jumatatu nikarudi kazini, jioni nakuta mapya.

Ananikwepa, Lorna. Anangoja mimi nitoke. Nimemkosea nini hata asitake kuniona?

Mwezi Mei, Siku ya Kumbukumbu ya askari waliokufa, kuna mashindano pale klabu yetu ya kulenga shabaha. Nitayajaza baruti yote niyapige, mazuri na yaliyokunjika. Ni kazi ya mkono wake, sitatupa hata moja.

Baba yako.


Rochester
2 Machi 1970

Baba,

Salamu baadaye. Nimekua katika nyumba hiyo na najua ganda lililokunjika likipasuka linafanya nini. Uso wako uko karibu na bunduki kuliko kitu kingine chochote duniani. Nimemzika ndugu mmoja mwaka jana. Usinifanye nirudi pale makaburini.

Nakuja Pasaka. Niahidi hutapiga hata moja mpaka nije. Niandikie neno moja tu, "naahidi".

Lorna wako


Corbin Fork
9 Machi 1970

Naahidi.

Mama yako anauliza utakula nini.

Baba.


Rochester
6 Aprili 1970

Baba mpendwa,

Nimefika salama, basi lilichelewa tu kwa sababu ya mafuriko. Asante kwa Pasaka. Asante kwa nyama ya kulungu uliyonifungia. Garth ameimaliza na sasa anakupenda kuliko anavyonipenda mimi.

Nilipokuwa hapo ulikwenda kazini Jumatatu na Jumanne, mimi nikabaki nyumbani na Mama. Nimeona kitu. Nimeahidi kutokisema na sitakisema, hata ukipiga simu. Usinibane.

Ila nakuomba jambo moja. Alhamisi hii omba ruhusa urudi mchana. Acha gari kwa mzee Stosh. Pitia mlango wa nyuma, vua viatu, usiite mtu. Shuka ngazi polepole.

Usiogope, Baba. Utakachokiona si kibaya.

Mwanao,
Lorna


Rochester
27 Aprili 1970

Baba mpendwa,

Hamjambo huko? Wiki ya tatu hii sina neno kutoka kwako. Nimepiga simu mchana na jioni, inaita tu. Nilimpigia mzee Stosh, akasema nyote wazima, amewaona mkipita na gari kuelekea uwanja wa klabu, Mama amekaa mbele kajifunga kitambaa. Nikamuuliza, "Mama? Mama yangu mimi?" Akasema, "Labda Merle ameoa mwingine anayefanana."

Baba, nimekosea kukuambia? Nijibu, hata kwa hasira.

Lorna


Corbin Fork
10 Mei 1970

Mwanangu Lorna,

Tusamehe kwa kimya. Sote wazima kabisa. Simu tuliisikia ikilia, lakini tulikuwa chini na mikono ina mafuta, na kusema kweli hatukutaka kuacha. Hukukosea.

Ile Alhamisi nilifanya ulivyosema. Nilivua viatu jikoni. Nilipofika juu ya ngazi nikaisikia mashine ikifanya kazi, ule mlio wake wa chuma kukaza na kuachia. Nikashika ukuta. Miezi yote hiyo nilitamani kumwona, na sasa nikawa natamani mtu aniite nirudi kazini. Halafu nikasikia sauti.

"Ngoja basi, Wendell, usinikimbize. Mimi si kijana kama wewe."

Alikuwa mama yako.

Alisimama kwenye meza yangu, amevaa aproni ya jikoni, anaivuta ile mashine kwa mikono miwili, anaongea kama vile mtoto yuko pembeni anamwangalia. Akisukuma, akichomoa, akilinyanyua ganda kwenye taa. Nikajikuta nimekaa kwenye ngazi. Sijui nilikaa muda gani. Akageuka, akaniangalia kuanzia chini.

"Soksi zako zimetoboka," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kuniambia bila kuulizwa, ukiacha chakula na mlango, tangu mazishi.

"Tangu lini, Verna?"

"Tangu Januari." Akakaa kwenye ndoo. "Wewe ulikuwa kazini. Mimi niko jikoni, nimekaa pale penye wavu wa hewa ya moto sakafuni, huwa nawasikia kila kitu kupitia pale. Miaka yote nimewasikia mkibishana, mafuta hivi, shingo vile. Siku hiyo nikasikia mashine. Nikajua ni wewe umerudi mapema, umepita kimya kimya. Nikashuka nije nikutukane."

"Ukamkuta nani?"

"Sikumkuta mtu. Mkono wa mashine uko juu. Ganda limeingia nusu kwenye kalibu, limesimama hapo. Na pale kwenye kibao mengine yameshapangwa. Nilidhani ni yako."

Nikamwambia si yangu. Nikamwambia mimi nilidhani yote ni ya Wendell, na yale yaliyokunjika nilidhani ni kwa sababu ya mkono wake ulioumia. Mama yako akaziba mdomo. Alilia, Lorna, kisha katikati ya kulia akasema, "Yaliyokunjika ni ya kwangu, mjinga wewe." Lakini alisema mjinga kwa sauti ya zamani.

"Kwa hiyo ulifanya nini siku ile?" nikamuuliza.

"Nilivuta mkono nikalimalizia lile lililokwama. Sikujua kufanya, nilifanya tu kama nilivyokuwa nikiwasikia."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa kupanda juu nikamwacha peke yake."

Tanuri linanguruma. Halafu akaniambia kilichonifanya nichelewe kukuandikia barua hii, maana nimekianza mara nyingi nikachana karatasi.

"Merle, mtoto amekufa na bado anafanya kazi. Wewe unataka aendelee kuja. Unamwekea kahawa, nimeiona. Mimi nataka amalize apumzike. Ndiyo maana nafanya. Na tangu nimeanza, sijaisikia mashine ikifanya kazi peke yake tena."

Mdomoni nilikuwa na neno moja tu, acha. Acha, Verna, gunia lisiishe. Maana nilielewa alichokuwa anafanya, alikuwa anamfungulia mlango atoke, na mimi miezi yote nilikuwa nimeushikilia. Nilimchukia kidogo, nakuambia ukweli. Akanyoosha mkono na ganda.

"Hili shingo yake inanishinda," akasema.

Nikaliangalia. Vibonyeo begani.

"Unapaka mafuta mengi. Yanakosa pa kwenda, yanabonyeza bega."

"Ningemuuliza nani, na wewe huongei?"

"Mimi ndiye siongei?"

"Haya, leta mkono wako hapa," akasema.

Basi tukafanya kazi. Nikirudi kutoka kiwandani namkuta ameshayapasha moto, yamepangwa kwenye sufuria ya maji ili moto usifike kitakoni. Mimi navuta mashine, yeye anapaka mafuta kwa ncha ya kidole, kidogo sana sasa. Anaongea. Ameniambia mambo ya Wendell ambayo sikuyajua, kwamba alikuwa akimwandikia yeye kuhusu mvua ya huko, na kwamba aliogopa popo. Mimi nimemwambia jinsi alivyocheka kuhusu kuku. Siku nyingine tulisahau kula.

Gunia likaisha. Mama yako akalikung'uta, akalikunja kama shuka.

"Yamekwisha," akasema. "Sasa ametulia."

Ningeweza kunyamaza, Lorna. Hajui undani wa hii kazi, angeamini, tungefunga taa tukapanda. Nami ningebaki nikijua kwamba hakijaisha kitu, kwamba iko sababu ya mtu kurudi. Nilifuta mikono kwa tambara mpaka likachoka.

"Bado," nikamwambia. "Halijawa ganda mpaka lipigwe. Ndani ya bunduki yake. Moto ndio unaolimaliza."

Alikivuta karibu kibao chenye maganda.

"Yote?"

"Yote mazima."

Akayamwaga mezani, akayachambua mwenyewe chini ya taa. Kila lililokunjika akalitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Nilimwambia kuna mengine yangeweza kuokolewa. "Wendell asingeyapiga haya," akasema. Kweli asingeyapiga. Basi hilo lililokutia hofu liliishia hapo. Kisha nikayajaza baruti kidogo, ile ya kulinyoosha ganda tu, si ya mashindano.

Tulikwenda uwanjani siku za kazi nikitoka kiwandani, Stosh alitupa ufunguo wa geti bila kuuliza kitu. Huko hakukuwa na mtu, ni kilima upande wa pili na ukungu. Mama yako alijitia pamba masikioni, akajifunga kitambaa, akakaa kwenye benchi kando yangu. Mlio wa kwanza alishtuka mwili mzima. Nikamwuliza kama nimrudishe nyumbani.

"Piga," akasema.

Kila nilipofungua bunduki alikuwa ameshakinga kiganja. Ganda linatoka la moto, yeye analifumba ngumini mpaka lipoe, ndipo analiweka kwenye kibao na kuchukua jingine kunipa. Moja lilipasuka shingo, akalitia mfuko wa koti. Shabaha wala hatukwenda kuiangalia. Mlio ulikuwa unavuka bonde, unagonga kilima, unarudi kwetu umepungua.

Ijumaa iliyopita ndiyo tulimaliza. La mwisho nililiingiza, nikafunga, nikakaa. Mama yako hakunihimiza. Aliweka mkono wake mgongoni kwangu, pale panaponiuma, akauacha hapo. Nikapiga. Tulisikiliza mlio ukienda na kurudi mpaka usisikike. Ganda alilishika kwa muda mrefu kuliko mengine.

"Haya," akasema, na tukaanza kukusanya vitu.

Umeniuliza zamani kama yale ya kwanza niliyatengeneza mimi mwenyewe bila kujijua. Nimejiuliza pia, na mama yako ameniuliza. Inawezekana. Sikuwa mzima wa akili miezi ile. Ila yeye aliisikia mashine ikifanya kazi mchana, na mchana ule mimi nilikuwa mbele ya wanaume wote wa kiwanda, nanoa msumeno mkubwa. Sina zaidi ya hapo, nawe usinitafutie.

Leo asubuhi mama yako amekwenda kanisani, mara ya kwanza mwaka huu. Mimi nimebaki. Nilivuta kiti jikoni mpaka penye ule wavu sakafuni, nikakaa nikasikiliza. Nilisikia tanuri, nikasikia bomba, nikasikia panya mmoja. Nilikaa hapo mpaka mlango ukafunguka.

Alisimama na kofia yake kichwani, akaniona nilipo.

"Kuna kitu?" akauliza.

"Hakuna."

Alivua koti, akavuta kiti kingine, akakaa nami.

Njooni na Garth kiangazi.

Ni mimi baba yako, na mama yako yuko hapa anasema niache nafasi asaini.

Mama